Nusu ya Uso wa Bhoke

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao niliuona nusu tu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Itiryo kusubiri matokeo. Jirani yetu, Mzee Nyamhanga, alikuwa amekuja kuongea na baba juu ya ndama aliyepotea. Walikaa mbele ya nyumba, nami nilisimama pembeni nikisubiri kutumwa. Jua lilikuwa kali juu ya bati. Kwanza kilitokea kidoa kidogo cha mwanga, kama kile unachokiona ukitazama jua halafu ukageuka. Kidoa kikakua. Kikaota meno pembeni kama msumeno, na yale meno yalikuwa yanacheza. Nikafikicha macho. Nilipomtazama tena Mzee Nyamhanga, upande wa kushoto wa uso wake haukuwepo.

Nisikilize vizuri hapo. Sisemi ulikuwa na damu, wala kwamba ulifunikwa na giza. Haukuwepo. Kulikuwa na jicho moja, nusu ya pua, nusu ya mdomo unaoongea habari za ndama, na baada ya hapo hakuna kitu, hata weusi. Mwenyewe hakujua. Alicheka kwa ile nusu, akaniuliza, "We mura, mbona unanikodolea macho, nimeota pembe?"

Nikakimbilia ndani kwa mama. Kabla sijamaliza kumweleza, maumivu yakaingia nyuma ya jicho la kushoto, yakapiga kama mtu anatwanga. Nilitapika. Mama akafunga mlango, nikalala gizani. Kesho yake niliamka mzima, mwili mwepesi, kama mtu aliyepona malaria. Wiki hiyohiyo Mzee Nyamhanga akafa.

Alikuwa mgonjwa wa kifua kwa muda mrefu, na kila mtu alijua. Lakini mama alikuwa ameshamwambia shangazi nilichoona, na shangazi hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni. Msibani watu waliniangalia. Hawakuniambia kitu. Walinipisha njia tu.

Kichwa kikaanza kurudi, mwezi huu mara moja, mwezi mwingine kila wiki. Tulihangaika. Baba alininunulia dawa za malaria, nikazinywa bila kupimwa. Mzee mmoja alinichanja chale kwenye paji la uso, akapaka unga mweusi uliowasha. Mama alinipeleka kanisani, nikaombewa, nikakaa siku kadhaa vizuri, kikarudi. Bomani niliuziwa miwani, nikaivaa mpaka ikavunjika, na kichwa hakikujua kama nina miwani. Baba mdogo akashauri niitiwe omosari. Vijana wa leo wengi hamumjui huyu. Ni mtaalamu wa jadi anayepasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili maumivu yatoke. Baba mdogo mwenyewe alikwanguliwa baada ya kupigwa rungu, na akiinama ungeona shimo juu ya sikio, ngozi yake ikipanda na kushuka taratibu, kama kitu kinachopumua.

"Mimi hapa mzima," alisema. "Panauma siku ya kwanza tu."

Nilitazama lile shimo likipumua, nikasema kichwa kimeacha kuuma.

Ndipo shangazi alipoleta jibu lake. Alikaa mbele ya baba, akasema, "Huyu haumwi. Mama yetu alikuwa hivihivi. Si unakumbuka? Alikuwa akijifungia ndani, akitapika, na akitoka anasema fulani simwoni vizuri. Haya ni macho ya bibi yake. Huyu ni omorooti."

Omorooti ni mwonaji, mtu anayeletewa habari kabla ya wengine.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na sitamsukumia shangazi. Matokeo yalikuwa yametoka na nilikuwa nimefeli. Nilikuwa kijana aliyefeli, mwenye kichwa kibovu, na kwa neno moja la shangazi nikawa kijana mwenye macho. Nilichagua kuwa na macho. Tangu siku hiyo sikutafuta dawa tena. Wazee walianza kunisalimia wao kwanza. Watu wenye wagonjwa walikuja kukaa mbele yangu, wakaninyooshea nyuso zao nizitazame. Nikisema "mzima", wanaondoka wakicheka. Mara nyingi niliona nyuso nzima, maana kichwa hakiji kwa kuitwa, na watu wengi hawafi upesi. Hayo yote yalihesabiwa kuwa ujuzi wangu.

Baada ya miaka kadhaa nikaoa. Aliitwa Bhoke, binti wa kijiji cha upande wa Serengeti, mrefu, mwenye sauti inayofika mbali. Ng'ombe walitolewa, akaja kwetu. Hakuwa mtu wa kutishika. Siku ya kwanza kuniona na kichwa, alitundika blanketi dirishani, akalowesha kanga kwa maji ya mtungi, akanifunga nayo, kisha akakaa mlangoni akiwarudisha watu waliokuja kutazamwa.

"Mwonaji anatapika," nilimsikia akiwaambia. "Kama mna haraka ya kufa, subirini mpaka kesho."

Nilipopata nafuu akaniambia, "Mwita, hiki kichwa kinakuja ukishinda na njaa. Nimekuangalia. Twende mjini ukaonwe na daktari."

"Mimi siumwi," nikamjibu. "Mimi naona."

"Unaona huku unatapika?"

"Ndivyo inavyokuja."

"Haya, mwonaji. Lakini uwe unakula."

Hatukumaliza mwaka pamoja. Ilikuwa mchana, yeye ameketi juu ya gunia anapukuchua mahindi, mimi nimetoka shambani bila kutia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kile kidoa kikaja. Nilijua nisimtazame. Nikakaza macho kwenye mikono yake, nikaona punje zinavyodondoka, na mikono ilikuwa mizima, nikafurahi. Kisha akaniita jina. Nikainua macho, na Bhoke alikuwa na nusu. Ile nusu ilikuwa inatabasamu.

"Nini?" akauliza.

Ningejibu palepale kwamba kichwa kimeanza, angetundika blanketi, na maisha yake na yangu yangekuwa mengine. Badala yake nilitoka nje, nikaenda kumwambia shangazi.

Wazee wa ukoo walikaa jioni ile, mimi nikiwa nimelala na kitambaa kichwani. Hofu yao ilikuwa hii: mke akifia kwetu kabla hajazaa, kwao watasema sisi ndio tuliomuua. Ni heri akafie kwa baba yake. Hakuna aliyeuliza kama anaumwa. Hakuna aliyemwita. Baba mdogo akapewa kazi ya kumrudisha.

Asubuhi Bhoke alinikuta nimekaa kitandani. Vitu vyake alikuwa ameshavifunga kwenye shuka.

"Wameniambia," akasema. "Ni upande gani?"

"Kushoto."

Akapandisha mkono taratibu, akashika shavu lake la kushoto, akashika jicho, akashika sikio, kama mtu anayepapasa kitu kwenye mfuko usio wake.

"Vipo," akasema.

Nikatazama sakafu.

"Mwita, vipo. Shika na wewe."

Sikushika. Niliogopa mkono wangu ungepita.

"Ni lini?" akauliza.

"Sijui."

Akainua mzigo wake. Sikumsindikiza hata mpaka barabarani.

Baada ya hapo nilikaa nikisubiri habari za msiba. Lifikirie hilo, mwanangu, mume anakaa anasubiri. Mtu akija kutoka upande ule, nilimkimbilia njiani, na yeye anauliza tu kama kwetu mvua zimenyesha. Mwaka ukapita. Bhoke hakufa. Ukoo ukasema, bado. Na mimi nikasema, bado.

Kichwa kikazidi. Niliondoka nyumbani, nikaenda Kewanja kuungana na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwenye mashimo yetu ya sururu na kamba. Kule nililala vibaya, nilikula nilipokumbuka, na mfukoni nilikuwa na vidonge vya maumivu ambavyo nilivitafuna kama karanga, kila siku, hata kabla hakijaanza. Basi kikawa kinauma kila siku.

Mchana mmoja wenzangu walikuwa wanatoka shimoni, mmoja baada ya mwingine, nami niko juu nawapokea. Wa kwanza akatokeza na nusu ya uso. Aliyefuata, nusu. Aliyemfuata, nusu. Wote wamejaa vumbi jeupe, wote hawana upande wa kushoto, wanachomoza ardhini na kuniangalia kwa jicho mojamoja. Nikapiga kelele kwamba shimo linaanguka. Waliniamini, maana habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Walikimbia wakaacha hata viatu.

Shimo halikuanguka. Kesho yake halikuanguka. Watu walikaa mbali wakilitazama, kazi imesimama, nyumbani wanasubiriwa na watoto wao. Nilikaa nao nikilitazama. Mwenzetu mmoja, Marwa, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua, akachoka kusubiri, akashuka peke yake. Nilimwona akishuka. Nilijua yumo ndani. Na hapo, mwanangu, nilijikuta naliombea lile shimo lianguke.

Sikuomba kwa mdomo. Lakini niliomba.

Jioni Marwa akatoka, akajikung'uta vumbi, akapita karibu yangu na kusimama. "Mwonaji," akasema kwa upole, "mbona umesikitika?"

Asubuhi iliyofuata nilidandia gari la mizigo mpaka mjini, nikaingia hospitali.

Aliyenipokea alikuwa tabibu mwanamke, mtu wa Kigoma aliyehamishiwa huku kikazi. Hakucheka nilipomweleza habari za macho ya bibi. Aliniuliza nakula saa ngapi, nalala saa ngapi, na nani mwingine kwetu aliyewahi kuumwa hivi. Aliniuliza nameza vidonge vingapi. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Ile hali ikija, ukitazama ukuta, ukuta unakuwa mzima?"

"Ukuta?"

"Ndiyo, baba. Au mlango. Au mbuzi."

Nikafikiri. Miaka yote ile sikuwahi kutazama ukuta. Mwanga ule ukija nilitazama nyuso tu, kwa sababu nyuso ndizo nilizoambiwa zina habari.

"Kikija tena," akasema, "kabla hujamtazama mtu yeyote, tazama ukuta."

Kilikuja nikiwa nimekaa uani, kwenye nyumba niliyopanga chumba. Nikatazama ukuta. Nusu ya ukuta haikuwepo. Nikatazama ndoo, nusu. Kuku wa mwenye nyumba alikuwa anadonoa karibu na miguu yangu, ana nusu ya kichwa, na anaendelea kudonoa bila wasiwasi. Nikainua mkono wangu mwenyewe mbele ya macho, vikabaki vidole viwili. Dunia nzima ilikuwa imekatwa mahali palepale, na popote nilipogeukia, ule mkato uligeuka pamoja nami.

Nimeogopa mambo mengi, lakini sijaogopa kama mchana ule, kwa sababu huko nje hakukuwa na kitu cha kuogopa. Kilikuwa ndani yangu tangu mwanzo. Kilikuwa kinatazama watu kwa macho yangu.

Jioni yule kuku alikuwepo. Kesho yake alitaga.

Tabibu aliniambia ugonjwa wenyewe unaitwa kipandauso. Alisema mara nyingi hutembea ndani ya ukoo, na kwamba kwa baadhi yetu ule mwanga na ule upofu wa nusu hutangulia maumivu. Hakuniahidi kukiondoa. Alinipa dawa ya kumeza kila siku ili kisije mara kwa mara, na akanikataza vile vidonge vya kutafuna, maana kuvila kila siku kulikuwa kunakiita kichwa badala ya kukifukuza. Siku za mwanzo za kuviacha nilidhani nakufa. Aliniambia nile kabla ya kutoka asubuhi, ninywe maji, nivae kofia juani, nilale na kuamka kwa saa zisizobadilika. Kwa sehemu kubwa yalikuwa maneno ya Bhoke. Nafuu ilikuja polepole. Mpaka leo kichwa hakijaniacha kabisa, ila kinanitembelea mara chache, nami nafunga dirisha.

Kwenda kwa Bhoke kulinichukua muda mrefu kuliko kupata nafuu; nilikuwa nimeshaoa tena na kupata watoto. Nilimkuta kijijini kwao, kwenye boma la mama mmoja mzee, mjane asiye na mtoto wa kiume, ambaye alimwoa Bhoke ili apate wajukuu. Desturi yetu inaruhusu mwanamke kuoa mke namna hiyo, ndiyo tunayoiita nyumba ntobhu. Watoto wa Bhoke walikuwa wakubwa. Alikuwa anaanika ulezi. Aliinua macho.

"Karibu, mwonaji," akasema. "Leo niko mzima, au nusu?"

Nilimweleza yote, ukuta, kuku na yule tabibu. Alisikiliza huku mikono yake inasambaza ulezi juani.

"Nimekuja kukuambia kwamba hukuwa unakufa," nikamalizia.

"Hilo nimelijua kwa kuishi."

Kisha akanisimulia kwa sauti ya kawaida tu. Msimu ule aliporudishwa, baba yake hakumpimia sehemu ya shamba, kwa kuwa mavuno yangekuta hayupo. Mama yake alimtengea sahani yake. Wanawake kisimani walimpisha achote kwanza, na akiondoka ndipo wanaanza kuongea. Hakuna mwanamume aliyetaka mke wa kuzika. Kila siku alilala ameshika shavu lake la kushoto, na alipoamka jambo la kwanza lilikuwa kulishika tena.

"Mpaka leo," akasema, "nikiwa nawaza, mkono unakwenda wenyewe."

Nilikuwa nimeshauona unakwenda.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi na wewe yamekwisha. Waambie wao."

"Kina nani?"

"Walionizika nikiwa nimesimama. Wewe ndiye uliyenitangaza, Mwita. Kanitangaze tena."

Nilirudi siku ya mkutano wa kijiji chao, nikaomba nafasi, nikasimama. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nilisema nilichoona, na kwamba kilikuwa ugonjwa wangu, si kifo cha Bhoke. Vijana walitazamana, hawakujua naongea nini. Wengi wa waliokuwa wamemwogopa walikuwa wameshakufa, baba yake na mama yake wakiwemo. Walikufa wakisubiri kumzika.

Mzee mmoja asiyeona, aliyekuwa amekaa nyuma kwenye kigoda, akainua fimbo yake. "Huyo Bhoke," akauliza, "kumbe yupo?"

"Nipo, Tata," Bhoke akajibu kutoka upande wa wanawake.

Yule mzee akashusha fimbo. "Hiyo sauti nimekuwa nikiisikia ikipita hapa kwangu miaka yote," akasema. "Nilikuwa siitiki."

Hakuna aliyecheka. Bhoke aliinuka, akatembea mpaka nyuma kabisa, akamshika yule mzee mkono na kuuweka kwenye shavu lake la kushoto. Aliuacha pale muda mrefu. Mimi nilikaa chini.

Nakuandikia haya kwa sababu mjukuu wangu Robi, aliye kidato cha pili, juzi alisimama mlangoni na sare zake za shule, akaniambia polepole, "Babu, shikamoo. Usinicheke. Nusu ya uso wako siioni."

Pamoja na yote niliyokwisha kujifunza, mkono wangu ulipanda shavuni. Mimi ni mzee. Siku zangu si nyingi, na mtu anaweza kuamini lolote akiambiwa na mtoto anayempenda. Lakini nilimwambia, "Tazama mlango."

Akatazama. "Na mlango nusu haipo."

"Basi njoo ulale. Kitauma, halafu kitapita, na kikishapita tunakwenda hospitali mimi na wewe."

Nilipotoka nje kuchukua maji, jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa ameshasogea kwenye uzio. Alinong'ona, "Mzee, nasikia mtoto ameanza kuona?"

"Ameanza kuumwa," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Sasa, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Kichwa kikikuuma mara kwa mara, kiite ugonjwa, hata kama kuna mtu amekiletea jina lenye heshima zaidi. Heshima ile itakuzuia kutafuta dawa, kama ilivyonizuia mimi. Nenda hospitali mapema, useme kila kitu, pamoja na yale unayoona aibu kuyasema. Kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuujua, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea, usisubiri kupambazuke. Usimruhusu mtu akukwangue fuvu. Vidonge vya maumivu usivizoee. Kula, lala, kunywa maji, na chunguza mwenyewe ni nini kinachokiita, maana kila kichwa kina njia yake ya kuja.

Na lililo kubwa kuliko hayo yote: siku utakapoona kitu cha kutisha kwa mtu mwingine, geuka kwanza utazame ukuta. Mtu ukishamwambia anakufa, huwezi kulirudisha lile neno. Utapona wewe, yeye atabaki anajishika shavu.

Mungu akujalie siku nyingi zenye kichwa chepesi. Nyuso za watu wako zibaki nzima machoni pako. Na siku ambayo hazitabaki nzima, akupe chumba chenye giza, mtu wa kukaa mlangoni, na mdomo unaojua kunyamaza mpaka kipite.